Madam Coleta na Maswali ya Ng'ombe

Ukimwona Madam Coleta kwa mara ya kwanza utadhani ni mama aliyekuja shuleni kumwulizia mtoto wake. Ni mfupi, sauti yake inakwaruza kidogo, na kuanzia Juni, baridi ya huku Ufipa inapouma mpaka kalamu inagoma kuandika, anavaa sweta mbili na kofia ya sufu yenye kishada juu. Tukimcheka anasema, "Chekeni tu. Kichwa hiki kimejaa namba. Kikipata mafua zote zitatokea puani."

Anatufundisha hisabati, kidato cha pili mkondo B, hapa Sumbawanga mjini. Tuko hamsini na wanane, na mwaka mzima nimekuwa nikimwangalia yeye kuliko ninavyoangalia ubao, kwa sababu sijawahi kuona mtu anayetufundisha kila mmoja namna yake ndani ya kipindi kimoja cha dakika arobaini.

Fabiani, kwa mfano. Fabiani ana akili nyingi na hasira nyingi. Ukimsaidia swali ananuna. Kwa hiyo Madam humwandikia swali gumu kwenye kikaratasi, anaweka juu ya dawati lake, anaondoka bila kumtazama, kama mtu aliyeweka chakula cha paka mkali.

Salome ni kinyume chake. Kwao, kijijini, mtoto hapazi sauti mbele ya wakubwa. Akiwaamkia anachuchumaa na kupiga makofi ya taratibu, macho chini, kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani. Darasani majibu anayo lakini mkono hauendi juu. Mwalimu mwingine mwaka jana aliandika kwenye ripoti yake kwamba ni mzito. Madam Coleta yeye hupita karibu na dirisha, Salome anaandika jibu kwa penseli kwenye kona ya daftari, Madam anachungulia na kutangaza, "Jibu limeshapatikana, liko upande wa dirishani. Wengine endeleeni kuhangaika."

Na mimi, Jenifer, monita wa darasa, ananipa punje tatu za maharage kila asubuhi. Nikiuliza swali namrudishia punje moja. Zikiisha, nanyamaza mpaka kesho. Siku ya kwanza zote tatu ziliisha kabla hajamaliza kuandika tarehe.

"Madam, kwa nini mimi tu?"

"Hilo ni swali la nne. Huna punje."

Siku moja alituambia kwa nini yuko hivyo. Darasa la nne alirudia mara mbili. Kwao walilima ulezi, na msimu wa ulezi kuiva yeye alikuwa shambani tangu alfajiri akifukuza ndege. Akifika shuleni anasinzia. Mwalimu wake alimchapa kwa kusinzia miaka yote miwili. "Hakuwa mtu mbaya," alisema. "Alijua sana hesabu. Ila hakuwahi kuuliza nilikuwa wapi kabla ya kengele."

Basi Jumamosi Madam Coleta anavaa buti zake za mvua, hata kama hakuna mvua, anakwenda nyumbani kwa mwanafunzi mmoja. Anakaa, anakunywa chai, anaangalia. Haendi kushtaki. Kwetu alikuja Machi, akakuta namwuliza mama kwa nini moshi unamfuata yeye tu jikoni. Jumatatu yake nikaanza kupewa maharage.

Nisiseme kwamba kila mtu anampenda. Kuna wanaomtaka Mwalimu Adolfu wa mkondo A, ambaye huandika ubao mzima bila kugeuka, anafuta, anaandika tena, na kipindi kikiisha mkono wake mweupe kama wa mwokaji mikate. Fabiani anasema Mwalimu Adolfu ndiye mwalimu wa kweli. Pengine kwake ni kweli. Mimi niliingia darasani kwake mara moja, nikatoka na kurasa sita nzuri ambazo mpaka leo hazijanieleza kitu.

Sasa Malimi.

Malimi Shigela ni mrefu, mpole, anakaa nyuma. Ni Msukuma. Baba yake ana ng'ombe wengi kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na yeye anaishi na shangazi yake hapa mjini, mtaa wa Kizwite, ili asome. Mwaka jana alifeli mtihani wa taifa wa kidato cha pili, akarudia. Ukifeli mara ya pili, safari imeishia hapo, unarudi nyumbani. Kila mtu darasani alilijua hilo, na Madam alilijua kuliko wote.

Kwa hiyo tangu Februari alimtungia maswali ya peke yake. Mzee ana ng'ombe arobaini, robo ni madume, majike ni wangapi. Ng'ombe wanne wanakunywa madebe sita, ng'ombe tisa watakunywa mangapi. Hata sisi wengine tulianza kuzoea ng'ombe. Hisabati ya mkondo B ilinuka zizi. Na kila asubuhi Madam alikuwa akimsalimia kwa lugha ya kwao, kwa furaha, "Mwangaluka, Malimi!"

"Shikamoo, Madam," Malimi alikuwa akijibu, na kuangalia dawati.

Kadiri ng'ombe walivyoongezeka ndivyo alama zilivyopungua. Aprili alipata ishirini na mbili. Julai alipata kumi na moja. Gabriel, mcheshi wa darasa, akasema, "Oya Malimi, ng'ombe wako wamekula alama!" Tukacheka, hata mimi. Malimi naye alicheka, lakini masikio yake yalishuka.

Mwanzoni mwa Oktoba baba yake akaja. Nilikuwa nimepeleka madaftari ofisini. Mzee Shigela alikuwa amesimama katikati ya chumba, fimbo mkononi, kofia pana, vumbi la bondeni mpaka kwenye nyusi. Aliombwa akae, akakataa.

"Mwalimu, mimi sigombani na mtu," alisema. "Mtoto nimempa mwaka, nimempa wa pili. Kumi na moja kati ya mia! Malisho yamekauka, wale ng'ombe nawahamisha mwezi huu, na nahitaji mtu. Nimekuja kumchukua."

"Mzee, nipe mpaka mtihani wa taifa."

"Mpaka Novemba? Ng'ombe watakufa wananisubiri."

"Basi nipe wiki tatu. Nitatoa mtihani hapa, wa darasa zima. Akipata thelathini, anabaki. Thelathini ndiyo ya kufaulu."

Mzee Shigela aliangalia dari. "Na asipopata?"

"Asipopata, nitamsindikiza mimi mwenyewe mpaka stendi."

Wakapeana mikono. Mimi nilikuwa bado nimeshika mlango.

Juma hilo hilo mshono wa kiuno wa sketi yangu ulifumuka. Mama akanituma kwa fundi Mary, ambaye ndiye hushona sare za wengi wetu. Nilijua tu kwamba anakaa Kizwite nyuma ya kanisa. Nilibisha hodi, nikaingia, na kwenye meza ya kukatia nikamkuta Malimi. Futi ya kupimia shingoni, pini nne mdomoni, mbele yake sketi ya rangi ya shule yetu.

"Malimi?"

Pini zikaanguka. "Jenifer. Mambo."

"Poa. Unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

"Sketi iko mikononi mwako."

"Nimeishika tu."

Fundi Mary akaangua kicheko kutoka kwenye cherehani. "Ameishika tu tangu darasa la sita! Binti, hizo sketi zenu unadhani nani anazikunja marinda? Mimi shangazi yake macho yangu yamechoka. Huyu ndiye mkono wangu wa kulia."

Niliitazama sketi yangu. Marinda kumi na sita yamelala sawasawa kama mistari ya daftari. Miaka miwili nimeyavaa.

"Usiseme, mshikaji," Malimi alininong'oneza. "Gabriel ataniita Mama Sketi mpaka nizeeke."

"Sisemi. Ila unajuaje pa kukunja?"

Aliangalia mlango kwanza. Kisha akaanza, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu aliye kwake. "Kitambaa mita mbili. Toa sentimita nane za mshono, inabaki mia moja tisini na mbili. Nataka marinda kumi na sita, kwa hiyo kila rinda linakula kumi na mbili. Katika kumi na mbili, nne zinaonekana, nane zimejificha ndani. Nne mara kumi na sita, kiuno sitini na nne. Sketi yako hiyo."

"Na akija mwenye kiuno sabini na mbili?"

"Kitambaa kile kile, marinda yale yale. Zinaonekana nne na nusu, zinajificha saba na nusu."

Hakuandika mahali popote. Hakuhesabu vidole. Nilikwenda pembeni nikapiga hesabu kwa kalamu kwenye mkono wangu, ikachukua muda, ikatoka vile vile.

"Malimi! Sasa zile za ng'ombe zinakushindaje?"

Akaokota pini moja, halafu nyingine. "Ng'ombe nawaogopa."

Nilidhani anatania.

"Nilikuwa na miaka sita. Dume moja lilinirusha juu ya ua wa miiba. Tangu siku hiyo mimi na zizi basi, ingawa baba hachoki kunisukuma humo. Madam akiandika 'mzee ana ng'ombe arobaini', naliona lile dume. Hesabu siioni tena. Na sasa baba ananichukua nikakae nao arobaini kweli."

"Kwa nini hukumwambia Madam?"

"Nitamwambiaje? Alivyokuwa anafurahi!"

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimeahidi kutosema. Lakini kuuliza si kusema, sivyo? Asubuhi nilitunza punje zangu zote tatu, kitu ambacho hakijawahi kutokea, mpaka Madam akaniuliza kama naumwa. Kipindi kilipoisha nilimfuata mlangoni, nikamwekea punje moja mkononi.

"Madam, kwa akina Malimi ulishafika?"

Madam akaiangalia ile punje.

"Hapana," alisema. "Kwa wote hamsini na saba nimefika. Kwa Malimi nilidhani najua."

Jumamosi nilimpeleka, maana njia nilikuwa naijua. Malimi aliposikia buti zile nje alijitupa nyuma ya pazia, lakini miguu yake mirefu ilibaki inaonekana. Madam alisalimiana na fundi Mary, akaletewa chai na viazi vitamu, akala kiazi kizima bila haraka, kisha akaliambia pazia, "Malimi, hizo ni ndara zako au za shangazi?"

Malimi akatoka.

Madam hakumwuliza habari za mtihani. Aliomba kipande cha kitambaa. "Nifundishe kukunja rinda moja," alisema. Akakunja. Likawa limepinda. Akakunja la pili, likamshinda, la tatu likamfumukia. Fundi Mary alikuwa analia kwa kucheka.

"Hapana, Madam," Malimi alisema, na mkono wake ukaenda wenyewe kumsahihisha. "Umeanza kukunja kabla hujajua linalojificha. Kwanza lijue hilo."

"Nirudie?"

"Rudia. Polepole. Usiogope."

Madam Coleta alirudia mara nne, na kila mara Malimi alitafuta njia nyingine ya kumwonyesha: kwanza kwa chaki, kisha kwa futi, mwishoni kwa kumshika vidole. Rinda la nne likalala. Madam akapiga kigelegele. Halafu akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya kile kitambaa herufi moja. "Hili linalojificha tulipe jina. Tuliite x. Sasa niambie ulichokuwa unaniambia, ila kila ukifika kwenye linalojificha, taja jina lake."

Malimi aliigusa ile herufi kwa kidole. "Yaani x ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Siku zote?"

"Siku zote, mwanangu."

Jumatatu Madam aliingia darasani bila sweta, bila kofia. Alisimama mbele yetu, akachuchumaa kidogo, akapiga makofi, taratibu, mara tatu, macho chini. Tangu nizaliwe sijaona mkubwa akiwafanyia hivyo watoto.

"Nimekosa," alisema. "Kuna mtu humu nilimtungia maswali kwa kuangalia kabila lake, badala ya kumwangalia yeye. Kila mmoja wenu nilimwuliza alikotoka. Yeye sikumwuliza. Namwomba radhi mbele yenu, kwa sababu kosa nililifanyia mbele yenu."

Hakumtaja. Akageuka, akaandika ubaoni swali la sketi: mita mbili, marinda kumi na sita, kiuno sabini.

Gabriel akanyoosha mkono. "Madam, sisi wavulana marinda tutayajulia wapi? Huo ni upendeleo!"

Wavulana wakashangilia. Ndipo kiti cha nyuma kikasogea. Malimi alikuwa amesimama.

"Mimi nayajua," alisema. "Hizo sketi zote mnazoziona ni mimi nimezikunja."

Vicheko vililipuka. Mama Sketi! Fundi mitindo! Gabriel alipiga dawati kwa viganja vyote viwili. Na katikati ya zile kelele sauti moja ndogo ikasema, "Yangu imedumu miaka miwili. Hata rinda moja halijaachia."

Ilikuwa Salome, amesimama. Salome wa dirishani, ambaye hatukujua ana sauti gani. Kila mtu akamgeukia, naye akainamisha macho kwa aibu, lakini hakukaa.

Gabriel akakuna kichwa. "Oya, Malimi. Suruali yangu imeachia hapa katikati. Unaweza?"

"Ilete Jumamosi. Ila uivue mbali na mimi."

Tukacheka wote, na safari hii masikio ya Malimi hayakushuka. Alikwenda ubaoni akaeleza, na nyuma yake Fabiani, ambaye hasaidiwi na mtu, alikuwa ananakili.

Wiki zilizobaki ng'ombe walitoweka mkondo B. Malimi alikunja kila kitu. Sehemu alizikunja kwenye karatasi. Asilimia alizipima kwa futi. Maneno ya Kiingereza yalimsumbua bado, na kuna mada, kama ile ya duara, ambayo hata kwa kitambaa haikuingia. Lakini alibaki baada ya kengele kila siku, na Madam naye alibaki.

Siku ya matokeo Mzee Shigela alifika kabla ya wote. Mimi nilikuwa na madaftari ya kupanga ofisini, nikaona nisiyapange haraka. Malimi alisimama karibu na kabati. Madam aliweka karatasi mezani.

"Thelathini na nane," alisema.

Mzee aliinama juu ya karatasi. "Kati ya ngapi?"

"Mia."

"Yaani sitini na mbili zimepotea?" Akakunja uso. "Mwalimu, mchungaji wangu akitoka na mia akarudi na thelathini na nane, hata kivuli chake sitaki kukiona!"

"Julai alipoteza themanini na tisa, mzee."

Midomo ya Mzee Shigela ilitembea, akihesabu. "Kwa hiyo ishirini na saba amezifuata porini akazirudisha. Kwa wiki tatu." Uso ukafunguka. "Ah! Huyo sasa ni mchungaji!"

Madam alicheka kwa nafuu, na mambo yangeweza kuishia hapo, vizuri tu. Lakini Malimi alisogea mbele.

"Baba, mimi si mchungaji. Ng'ombe nawaogopa."

Mzee aliishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Najua," baba yake alisema.

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyekutoa kwenye ile miiba. Nitaachaje kujua?" Mzee aliegemeza fimbo yake ukutani, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kiti. "Nilidhani ukikaa nao zaidi utazoea. Kila ulivyoogopa, nikakusogeza karibu zaidi."

Madam Coleta aliangalia sakafu. "Hata mimi, mzee, nilifanya hivyo hivyo."

Wakatazamana, wazazi wawili wa kosa moja, na sijui nani alianza kucheka, lakini mzee alicheka mpaka kofia ikadondoka. Alipoiokota alimkabidhi Malimi ile karatasi.

"Tulisema thelathini. Umeleta thelathini na nane. Ng'ombe nitawatafutia mtu anayewapenda. Wewe baki hapa na mwalimu wako, mzitafute hizo sitini na mbili."

"Jenifer," Madam alisema bila kugeuka, "hayo madaftari unayapanga kwa mara ya ngapi?"

Nikatoka mbio. Nyuma yangu nikasikia hatua ndefu za Malimi. Alinipita koridoni, akaingia darasani, akakaa. Fabiani alikuwa peke yake mle ndani. Malimi akatandaza karatasi yake mbele ya Fabiani, akaonyesha swali la kwanza lenye mkasi mwekundu wa kosa, lile la duara.

"Hili wewe ulipata," alimwambia. "Nieleze. Nikishindwa, nieleze kwa njia nyingine."